Pimbi, Karani wa Sensa

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulie, iingie!
Imekuja na njaa.
— Sehemu yake ipo chunguni!
Mko wangapi humu ndani?
— Wote tumo, na anayesinzia yumo!

Haya. Anayesinzia nimemwona. Shemeji Mbaruku, sogea karibu na mahindi. Hadithi yangu haisikilizwi na mikono mitupu, leo anayesikiliza anapukuchua. Asiyepukuchua nitampa nusu, na nusu yenyewe ni ile ya mbele, isiyo na utamu.

Zamani, wanyama walipokuwa wanajibizana kama sisi, palikuwa na bonde moja, Bonde la Migunga. Mkubwa wa bonde alikuwa Simba. Simba alikuwa na wake wanne, watoto ambao idadi yao hakuijua, na mkwe mmoja, mama wa mke mkubwa, kizee kisicho na jino hata la kutafunia ini.

Kazi ya Simba ilikuwa moja, kula kwanza. Wake wakienda kuwinda, yeye amelala. Wake wakirudi na nyama, yeye ameamka. Anakula, anashiba, anajilamba, ndipo anasema, "Haya, na nyinyi." Wala simsingizii.

Juu ya bonde kulikuwa na jabali, na kwenye ufa wa jabali alikaa Bi Pimbi na ukoo wake. Walivyobanana mle! Akigeuka mmoja, wanageuka wote. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu wachanga, na mama yake mzazi, ambaye macho yalishaanza kuingia kiza. Pimbi mnamjua. Hana pembe, hana kucha za maana, na mkia ndio kabisa hakupewa. Alipewa mdomo.

Basi mwaka mmoja mvua zikakata. Majani yakakauka, swala wakahama, nyama ikaadimika. Simba akala nusu ya alichozoea, akaona dunia imekwisha.

Siku hizo ng'ambo ya kilima, kijijini kwa watu, makarani wa sensa walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba. Wake wa Simba walikwenda kuangalia zizi la mbuzi, na yeye akawa anawasubiri kichakani, kwenye kivuli. Akamsikia karani anauliza mlangoni, "Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo? Ana umri gani? Anafanya kazi gani? Anamtegemea nani?" Kisha karani akamwambia mwenzake, "Tegemezi wakizidi, chakula hakitoshi." Simba akaondoka na neno hilo. Yale ya kujenga shule na zahanati yalisemwa baadaye, hakuyasikia.

Akafika bondeni, akanguruma. Ngrrrum! Wanyama wakakusanyika.

"Nimegundua kinachotumaliza," akasema Simba. "Si jua. Ni tegemezi. Wazee wanaokula bila kwenda porini, na watoto wanaokula bila kujua wanakula nini. Watahesabiwa, na kila tegemezi ataletwa kwangu nimle. Wakipungua hao, tutakaobaki tutashiba."

Nungunungu akainua mkono. "Bwana, mbona sisi tumelala njaa, na wewe jana umekula pofu mzima, mnyama mkubwa kama ng'ombe?"

"Mchukue pofu yule, mgawe kwa wanyama wote," akasema Simba. "Kila mmoja amepata kipande. Kwa wastani, bonde hili limeshiba."

Nungunungu akalipapasa tumbo lake kuona kama wastani umefika. Haukuwa umefika.

Bi Pimbi akarudi kwake mdogo mdogo, tipu tipu tipu. Mama yake alishasikia habari.

"Mwanangu, nipeleke mimi," akasema yule mama. "Nimekula miaka yangu. Pengine akishiba mimi atawasahau wajukuu."

"Mama, wewe ni mfupa na manyoya. Atakufanya kionjo tu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Bi Pimbi akalia. Alilia, nawaambieni, kama anavyolia mtu aliyeshika watoto mkono huu na mama mkono huu, anaambiwa achague wa kumwachia. Alipomaliza akajifuta uso, akachukua bonge la chokaa, akateremka bondeni. Tipu tipu tipu.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umeniletea mama yako?"

"Bado. Nimekuja kuomba kazi. Nani atahesabu?"

"Nitahesabu mwenyewe."

"Wewe, Bwana? Uzunguke juani, shimo hadi shimo? Ukamuulize Kobe umri wake? Kobe akiulizwa umri anafikiri asubuhi nzima."

Simba akapiga miayo, aaauh. "Hesabu wewe."

"Ahsante. Sasa, wakiniuliza je? Sheria hii ni ya wote, au wapo wa kurukwa?"

Simba akatupa jicho kwa wake zake. Walikuwa wamelala pale pale, masikio yamesimama. Akataka aonekane mkubwa wa haki.

"Ya wote. Harukwi mtu."

"Hata nyumba hii?"

"Hata nyumba hii."

"Basi tuanzie hapa," akasema Bi Pimbi. "Hata kule kwa watu, sensa huanza kwa mkubwa."

Simba akasikia "mkubwa", akasikia "huanza", akafurahi. Akasema, "Anza."

"Hodi. Nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Watoto hawa," akajibu mke mkubwa.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Wanachokula wanakitafuta wao?"

"Hata. Tunawatafutia sisi."

Bi Pimbi akainua chokaa. "Basi hawa ni tegemezi. Bwana, unawala sasa hivi, au tungoje hesabu iishe?"

Wake wanne wakasimama. Hawakunguruma, walisimama tu. Simba akahisi masikio yanamuwasha.

"Ngoja, ngoja. Mtoto atakua, atawinda. Mtoto si tegemezi, mtoto ni akiba."

"Kwa hiyo watoto watoke kwenye hesabu?"

"Watoke."

"Bonde zima?"

"Bonde zima, usinichoshe."

Bi Pimbi akashusha pumzi, taratibu, wasimsikie. Watatu wamepona. Akamgeukia yule kizee kwenye kona.

"Na huyu mzee? Ana meno?"

"Hana," akasema mke mkubwa.

"Anawinda?"

"Yeye ndiye aliyetufundisha kuwinda. Na tukienda porini, ndiye anayebaki na watoto." Kisha mke mkubwa akamwangalia mumewe. "Baba watoto, hebu sema. Mama yangu ni tegemezi?"

Wanaume mliooa humu ndani, jibu mnalijua. Tena mkwe mwenyewe amekaa hapo, anakutazama kwa jicho moja.

"Mzee si tegemezi," akasema Simba. "Mzee alishafanya yake."

"Bonde zima?"

"Bonde zima!"

"Sasa tegemezi ni nani, Bwana, nisije nikakuletea siye?"

Hapo Simba akakasirika. "Tegemezi ni mtu mzima, mwenye meno yake kamili na nguvu zake kamili, anayekula asichokitafuta! Wapo, wamejaa bonde hili. Niletee hao."

"Nimekusikia," akasema Bi Pimbi. "Na hawa wake zako wamesikia."

Akashika njia. Tipu tipu tipu, mpaka kwa Ngiri.

"Hodi. Mwaka huu nani kazaliwa?"

"Wapo, wanacheza nje."

"Nani kaja, nani kahama?"

"Hakuna."

"Nani kafa?"

"Kaka yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa Simba."

"Na wewe unachokula unakitafuta mwenyewe?"

"Nachimba mizizi kwa pua hii unayoiona."

Bi Pimbi akapaka chokaa mlangoni, alama ya kuhesabiwa, akaondoka. Tipu tipu tipu, mpaka kwa Nungunungu.

"Hodi. Nani kazaliwa? Nani kaja, nani kahama? Nani kafa?"

"Mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa Simba."

"Na wewe unachokula unakitafuta?"

"Kila siku, na miiba yangu mgongoni."

Akapaka chokaa, akaondoka. Kwa Kanga, hodi, nani kafa, kwa nini, kwa Simba. Kwa Digidigi, hodi, nani kafa, kwa nini, kwa Simba. Bi Pimbi alianza kuchoka, si miguu, moyo. Kwa Kobe peke yake ndiko alikosikia kitu kingine. Kobe alifikiri asubuhi nzima, akasema, "Babu yangu kafa kwa uzee. Na mimi ninajilisha, ila polepole."

Mwisho akafika kwenye jabali lake. Akabisha hodi kwake mwenyewe. Akajiuliza, "Bi Pimbi, wewe unafanya kazi gani?" Sasa tuseme ukweli, pimbi mchana anafanya nini? Anapanda juu ya jabali, anaota jua. Lakini karani akajijibu, "Mlinzi," akapaka chokaa haraka, akapita.

Akateremka kwa Simba. Simba alikuwa amelala chali, anangoja.

"Umeniletea wangapi?"

"Bonde zima nimezunguka, Bwana. Hakuna."

"Hakuna? Hata mmoja?"

"Amebaki mmoja sijamuuliza. Nilianza na nyumba hii, lakini mwenye nyumba nikamwonea haya."

"Mwenye nyumba nani?"

"Hodi, Bwana."

Wake wa Simba wakasogea karibu.

"Ulilala wapi usiku wa kuamkia siku ya hesabu?"

"Hapa hapa."

"Wewe ni mtu mzima?"

"Huoni manyoya ya shingoni?"

"Nayaona. Meno unayo kamili?"

Simba akafungua kinywa, akayaonyesha yote, hata ya nyuma. "Kamili."

"Na nguvu?"

"Nani ananizidi nguvu bonde hili?"

"Hakuna. Na kazi yako?"

"Mimi ndiye Simba."

"Hilo ni jina, Bwana. Nauliza kazi. Yule pofu uliyemla, alikamatwa na nani?"

Simba akawageukia wake zake.

"Na mimi," akasema mke mkubwa.

"Miguu niliishika mimi," akasema wa pili.

"Na nyumbu wa kabla yake?"

"Sisi."

"Na kaka yake Ngiri?"

"Sisi. Nasi tuliambulia kwato."

Bi Pimbi hakucheka. Kati yake na meno yale hapakuwa na urefu wa mkono. Akaunyoosha mkono wake mdogo, akampaka Simba chokaa puani.

"Tegemezi mmoja. Na sheria umeiweka mwenyewe, Bwana. Tegemezi aletwe kwa Simba, Simba amle. Huyu bahati nzuri yuko hapa tayari, hana haja ya kuletwa."

Simba akainua mkono amponde. Mke mkubwa akaja akasimama katikati, tena kwa upole tu.

"Baba watoto, ulisema harukwi mtu. Anza kula."

Wake wanne wakakaa kwa safu, wametulia, kama watu wanaosubiri wali uive. Simba akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna wa kumsaidia. Akaona walau aonyeshe kwamba ni mtu wa neno lake. Akaushika mkia wake, akauingiza kinywani, akauma. Karach!

"Uuuwi!"

Yule mkwe kwenye kona, ambaye siku zote hasemi, akauliza, "Ladha yake ikoje, baba?"

Simba akafuta machozi. Akasema kiu imembana, anakwenda kunywa maji mara moja. Akaenda mpaka dimbwini. Akalipita dimbwi. Akapanda kilima, akateremka upande wa pili, na mpaka leo hayo maji hajamaliza kuyanywa.

Wake wakangoja mpaka jua likageuka. Kisha wakaenda kuwinda kama kawaida. Waliporudi na nyama, mke mkubwa akaiweka chini, akaangalia pale mahali anapolala mumewe, akaona patupu. Akawaita watoto. Siku hiyo watoto walikula kwanza, na bibi yao akatafuniwa ini lake. Sitawadanganya kwamba waliacha nyama, simba ni simba. Lakini walikula wakiwa na njaa, wakashiba wakaacha.

Bi Pimbi akapanda jabali lake, tipu tipu tipu. Mama yake alikuwa mlangoni, amejifunga vizuri, amejitayarisha.

"Wamekuja kunichukua?"

"Hawaji, mama. Ingia ndani ukale."

Hesabu ya Bonde la Migunga ikafungwa hivyo. Waliozaliwa, wengi. Waliokufa, mnawajua, na kilichowaua mnakijua. Waliohama, mmoja.

Hadithi imeshiba, inaaga!
— Isindikizeni!
Imeacha nini?
— Imeacha funzo!

Funzo lenyewe ni hili, watoto, lisikilizeni vizuri. Fanyeni kazi kwa bidii, msimtegemee mtu, muwe kama Bi Pimbi. Bi Pimbi tangu siku ile mpaka leo yuko juu ya jabali, anaota jua, na ukimuuliza atakwambia yuko kazini.

Na wewe, Shemeji Mbaruku, mimi sikukutaja popote. Meno yako kamili, nguvu zako kamili, na mimi sijauliza neno. Ila chokaa ipo pale dirishani.

Aa, mwoneni, ameshtuka, ameshika kazi. Shemeji, hilo ni gunzi. Hilo nimeshalipukuchua mimi.