Kwa Nini Kasuku Huita Mpaka Aitikiwe

Kwanza mtoe huyo ndege jikoni, Mwajabu. Mtoe, mtoe! Tundu lake litundike hapa barazani tunapokaa, upande usiopigwa na upepo. Eti ana wiki nzima hasemi, ukimpelekea mkono anakuuma, na kesho unamrudisha kwa waliokupa kwa sababu ni bubu na ana roho mbaya. Haya. Mimi shangazi yako shule sikukaa, lakini kasuku nawajua. Bibi yangu alikuwa naye mmoja aliyenishinda umbea hata mimi, na hilo si jambo dogo! Kaeni wote niwaambie tabia hizi kazitoa wapi, kisha kesho mtaamua.

Zama zile, milango ilipofungwa kwa kamba na moto ukaombwa kwa jirani, kasuku alikuwa mweupe. Mweupe pee, kuanzia kichwa mpaka mkia. Na sauti alikuwa nayo moja tu, mluzi wake mwembamba wa msituni. Jioni wakirudi mtini, mmoja alipiga mluzi, mwenzake akajibu, na asiyejibiwa hakulala. Ndivyo walivyojuana kwamba wote wapo salama.

Sasa kando ya msitu huo palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mwanamke anaitwa Bi Mize, akiishi na mama mkwe wake, Bi Kidawa. Huyo Bi Kidawa, mama wee! Akimwita mtu kisimani, walioko shamba wanaitika. Siku moja Bi Mize alikwenda kuokota kuni, akamkuta kinda la kasuku chini ya mti, bawa limeteguka. Akamfunga kwenye pindo la kanga, akaja naye.

Na watu wa pale walikuwa na mila yao. Ukiitwa na usiyemwona, huitikii. Mluzi ndiyo kabisa, maana mluzi usio na mtu walisema ni wa shetani. Lakini mila ilikuwa na upande wa pili: ukishaitika, lazima uende. Kuitika kisha ukakaa ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba kuku wa mgeni.

Bi Mize alimpenda yule ndege, ila hakumjua. Aliona mnyonge wa baridi, na paka wa jirani wanamtolea macho. Basi mchana mmoja akamweka jikoni, juu ya uchaga ulio juu ya mafiga, apate joto. Makumbi ya nazi akayafukia majivuni ili moto usizimike. Mlango akaufunga kwa kamba, mafundo juu ya mafundo. Akajiambia hapo paka hafiki. Kisha akatoka uani kusuka ukili na wanawake wenzake.

Makumbi yalikuwa mabichi. Yakaanza kutoa moshi, na moshi haukuwa na pa kutokea. Jamani, kifua cha ndege ni kidogo! Moshi unaokukohoza wewe, yeye unamuua. Kasuku akapiga mluzi wake.

Uani wakausikia. Siku hiyo walikuwa wanamsema bi harusi aliyerudi kwao kwa sababu mume anakoroma, maneno matamu, nani atake kukatizwa?

"Nani huyo?" mmoja akauliza.

"Nyamaza, shoga. Usiitike usichokiona."

Wakaendelea kusuka. Kasuku akapiga mluzi tena, hawakuitika. Ndege wa watu akawaza, mbona kwetu msituni mtu akiita anajibiwa? Hawa sauti yangu hawaijui. Akajaribu ya mbuzi, maana mbuzi akilia aliwaona wakiinuka. Wakasema mfukuzeni, na hakuinuka mtu. Akajaribu mlio wa mlango. Wakadhani upepo. Moshi umeshamfika machoni, miguu imelegea, akaanguka kutoka kwenye uchaga puu! mpaka kwenye majivu, mkia ukagusa kaa la moto. Na hapo kwenye majivu ndipo akaikumbuka ile sauti moja ambayo katika nyumba ile haijawahi kuita bure.

"Mizeee! We Mize!"

"Abee, mama!" Bi Mize karuka, ukili umetawanyika uani kote.

Halafu akasimama ghafla. Maana Bi Kidawa alikuwa amekaa hapo hapo ubavuni pake, mdomo umejaa tambuu! Wallahi, hata kusema hawezi! Akatema kando.

"Mie sijafungua kinywa," akasema.

Ndugu zangu, wanawake walikimbia mpaka kanga zikabaki. Na Bi Kidawa naye, pamoja na ukubwa wake, akapanda juu ya kinu. "Usiende, mwanangu! Hicho kitu kimeiba sauti yangu!"

Bi Mize naye aliogopa. Lakini akasema, "Mama, nimeshaitika." Akaenda. Mafundo yale aliyoyafunga mwenyewe yakamkataa, akayakata kwa meno. Akafungua mlango, moshi ukampiga usoni, na kwenye majivu akamwona kasuku, mdomo wazi, hata mluzi hana.

Akamtoa nje kwenye hewa safi. Akamfuta uso kwa pindo la kanga, uso ukarudi mweupe. Mwili majivu yalishaingia, hayakutoka. Mkia ulishashika rangi ya kaa. Shingoni akaingiza ncha ya kidole polepole, akakung'uta unyoya mmoja mmoja. Kasuku akamuuma, maana aliumwa na aliogopa. Bi Mize hakumpiga wala hakumfokea. Akautuliza mkono, akangoja. Ndege alipoona mkono haukasiriki, akainamisha kichwa mwenyewe.

Bi Kidawa akashuka kwenye kinu, akamtazama. "Mwizi wewe," akasema. Kesho yake akamletea mahindi mabichi, na kesho kutwa akamwambia, "Niitie Mize, mie koo limechoka." Hahaha! Akapata msaidizi.

Na tangu siku hiyo kasuku ana mwili wa majivu, mkia wa kaa la moto, na uso mweupe uliofutwa kwa kanga. Jikoni kwenye moshi hapawezi. Akikuuma anakuuliza kama mkono wako una hasira. Akikuamini anakuinamishia shingo. Na akiingia nyumba ngeni hunyamaza, siku nyingi hunyamaza, watu wakadhani bubu. Bubu gani! Anasikiliza. Anatafuta katika nyumba hiyo nani akiita huitikiwa, ili siku ya shida asikosee sauti. Ila kwanza, kabla hajaiga ya mtu yeyote, hujaribu ule mluzi wake mdogo wa kwao, aone kama na hapa kuna...

Shh. Nyamazeni. Mmesikia?

Huyo hapo kwenye tundu. Tena. Kamluzi kembamba, kama anaona haya.

Sasa Mwajabu, mbona unanitazama mimi? Mimi sijakuita, mwanangu. Geuka huko. Itika.

"Abee."

Haya. Umeshaitika. Nenda.