Kwa Nini Msitu Umebaki Kileleni Tu

Wajukuu zangu, mlima huu mnaouona na upara haukuzaliwa hivi. Zamani hizo, bibi yake bibi yangu hajazaliwa, miti ilishuka toka kileleni mpaka tambarare, na ukungu hauondoki mpaka jua liwe utosini.

Hapo alikaa mhunzi Mbonea na mkewe, Nakiete. Mbonea alikata miti, akachoma makaa ya kuyeyushia chuma, akafua majembe. Nakiete alimfuata nyuma na kata ya maji. Kila mti ulioanguka, kisiki chake alikinywesha siku saba, kikachipua. Ndivyo walivyofanya wake wote wa wahunzi.

Basi mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukungu ukapotea, chemchemi ikabaki kudondoka tone tone. Watu wa bondeni wakapanda mlima na mtama wao kidogo kuubadilisha na majembe, maana udongo mkavu ulikuwa umeyavunja yao. Mbonea akazidi kukata. Bila jembe, nyumbani hakuna uji.

Binti yao mmoja tu, Namsifu, akashikwa na homa. Maji nayo ni kata moja kwa siku.

"Mama Namsifu, unakwenda wapi na hayo maji?" Mbonea akauliza.

"Kwenye visiki."

"Kisiki kina mdomo? Anayelia ni mwanangu."

Nankondo, jirani yao, naye mke wa mhunzi, akacheka cheko lisilo na raha. "Mwenzangu, mie vyangu niliviacha tangu mwezi jana. Wala havijanigombeza."

Nakiete akageuka, maji yote akampa mtoto. Nani angemlaumu? Kila nyumba ilifanya vivyo hivyo.

Namsifu akafa hata hivyo. Wakamzika kileleni, penye miti ya mwisho.

Mvua iliporudi, visiki vilishakauka mpaka mizizi. Maji yakashuka na udongo, ikaota miiba na nyasi. Siku moja Mbonea akapanda kileleni na shoka. Akamkuta mkewe ameketi kaburini, kata mkononi, ananywesha mti.

"Hapa, baba Namsifu, utaanza na mimi."

Mbonea akaliweka shoka chini, akakaa kando yake. Tanuri likapoa, hakuliwasha tena.

Na tangu siku hiyo msitu uko kule juu tu, kama kofia ya mtoto. Sisi wanawake tukitoka chemchemini, humwaga maji kidogo chini kabla ya kujitwika. Bibi harusi mgeni huuliza tunamnywesha nani. Tunamwambia, visiki. Naye hutazama mlima wote, asione hata kimoja.