Salamu za Nyumba Kongwe

Palikuwa na mtembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa, jina lake Mwanaesha, ulimi mtamu kama halua. Siku moja tajiri Shangali alimkodi amtembeze yeye peke yake.

“Nionyeshe nyumba kongwe kuliko zote,” aliamuru. “Nitainunua, niibomoe, nijenge hoteli. Wakaao humo watahama, wapende wasipende.”

Moyo ulimlipuka Mwanaesha, lakini alitabasamu. Alimzungusha vichochoroni mpaka akamwingiza kwenye ukumbi wenye giza, usio na mtu.

“Shikamoo!” aliamkia.

“Marahabaaa,” sauti nyembamba iliitikia nyuma ya ukuta.

Shangali aliganda. “Nani huyo?”

“Mwenyewe. Kazaliwa humu, na ameapa hatoki.”

“Ni… ni mtu aliye hai kama sisi?”

“Mimi nimezaliwa nikamkuta hivyo hivyo. Ngoja nimwite akupe mkono.”

Kiatu kimoja cha Shangali kilibaki kizingitini.

Pazia la jikoni likafunuliwa, akatoka shangazi yake Mwanaesha, tui la nazi likimchuruzika vidoleni.

“Nani aliyekimbia?”

“Mnunuzi, shangazi.”

“Masikini! Nami ndiyo kwanza nataka kunawa, nije nimpe mkono.”