Yai la Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo fisi naye alikuwa na nyumba, mke na wakwe wa kuwaheshimu, Bwana Fisi alifuga kware saba katika banda la fito. Mkubwa wao aliitwa Tunu, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa maneno.

Kila asubuhi Fisi alitwanga dawa ya mitishamba: majani ya mlonge, uwatu na manjano kidogo. Twa, twa, twa. Kisha akaichanganya na pumba na kuwamwagia kware.

"Kuleni, wanangu," alisema. "Mlonge wa kunenepa, uwatu wa kutaga. Ijumaa mama mkwe anakuja, nataka aone nyama."

Nyama yenyewe ndiyo wao. Tunu aliwatazama wadogo zake sita wanavyokula, moyo ukamuuma. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Ila Tunu alikuwa na macho. Alishaona kwamba Fisi, kwa ulafi wake, kila akimaliza kutwanga hulamba mchi, kisha hulamba na kinu mpaka king'ae.

Mchana ule Fisi alikula akavimbiwa, akajilaza kwenye kivuli cha banda, tumbo likigusa fito. Khoroo, khoroo. Tunu akafukua pumba, akatoa yai alilokuwa amelificha, lenye madoadoa. Akalisukuma kwa mdomo katikati ya fito. Biriri, likaingia chini ya tumbo la Fisi. Akasubiri lipate joto.

"Bwana Fisi," akaita. "Hongera."

Fisi akafumbua jicho moja. "Hongera ya nini?"

"Ya uzazi. Hebu jiangalie tumboni."

Fisi akajiinua nusu, akaliona. Akaligusa. La moto.

"Tunu, mimi dume."

"Najua, bwana. Lakini dawa umeilamba, hukuilamba?"

Fisi akakitupia kinu jicho.

"Kinu kizima, kila siku, mwezi mzima. Uwatu ukishaingia tumboni hauulizi wewe nani."

"Sasa mbona kadogo hivi?"

"La kwanza huwa dogo. Ngoja la pili."

Fisi akashika kichwa. "La pili? Ijumaa, mbele ya mama mkwe? Tunu, mama yangu, nifanyeje?"

"Liatamie siku kumi na saba, usinyanyuke. Hapo kutaga kutakoma. Na sisi tusiliwe, maana dawa imetuingia mpaka mifupani. Mama mkwe akitutafuna, atataga sebuleni kwako."

Fisi alimwona akilini mama mkwe akitaga sebuleni, akaingiwa na baridi. Akanyoosha mkono, akavuta komeo la banda bila kuliacha yai lake.

"Tokeni. Tokeni upesi, na msimwambie mtu."

Puruu! Kware saba wakaingia kichakani. Tunu alihesabu wadogo zake mara mbili, furaha ikamfanya alie.

Ijumaa mama mkwe akafika, kanga mpya, njaa tele. "Hodi."

"Karibu, mama," Fisi akajibu, amekaa vilevile.

Mama mkwe akasimama mbele ya banda akamkodolea macho. Tangu lini mkwe akamwamkia mama mkwe amekaa?

"Mkwe wangu, umevunjika mguu?"

"Hapana, mama. Ninaatamia."

Yule mama akamsogelea. Alimshika sikio, akamwinua, akaokota yai, akalinusa.

"Hili la kware. Na wale kware nilioitiwa wako wapi?"

Kichakani wadogo zake Tunu walicheka mpaka wakaanguka chali. Fisi akalitazama yai mkononi mwa mama mkwe, akaliangalia banda tupu, halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo hakuna la pili?"

Basi, wanangu, mkumbuke kwamba Fisi alifungwa na ulafi wake mwenyewe, Tunu alikaza fundo tu.