Jani la Tatu la Kanga

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Pakawa mwizi asiyevunja mlango!
— Basi sogeeni, na anayesinzia afinywe.

Hapo kale, ndege walipokuwa wakitumiana habari kwa majani, aliishi Kanga mmoja, jina lake Mwanatumu. Alikuwa akiatamia, na kiota kakificha hata jua lisikione. Kwa kanga, kiota kikijulikana, mayai hayapo tena.

Siku moja Njiwa, tarishi wa mwituni, akaja. "Hodi, bibi! Jani lako." Akamsomea: "Umebahatika! Umepata shamba zima la mtama. Tuambie kiota chako kilipo, tukuletee."

Kanga akacheka. "Shamba linaletwa kiotani? Kwa mabawa gani? Tupa huko!"

Siku ya pili jani likaja na alama ya unyayo wa Simba. "Kiota chako Mfalme hakijui. Sema kilipo kabla ya jua la utosi, la sivyo kitavunjwa."

Kanga akatetemeka mpaka madoa yakataka kumdondoka. Kisha akasema, "Simba akinitaka atanguruma. Tangu lini akanibembeleza kwa jani? Tupa huko!"

Siku ya tatu: "Mwanatumu, ni mimi mkweo. Binti yako yu taabani, anakuita. Niambie kiota kilipo nimlete kwako. Fanya haraka, wala usimwambie mtu."

Lo! Kanga akaangua kilio. "Mwanangu! Njiwa, andika: ukifika kwenye mkunazi..."

Akakoma, mdomo wazi.

"Soma tena pale mwanzo."

"Mwanatumu, ni mimi mkweo."

"Mkwe wangu? Yule anayenipisha njia kwa adabu? Tangu amwoe mwanangu hajanitaja jina hata ndotoni! Nani kakupa jani hili?"

"Nguchiro, bibi. Mimi ni mguu tu, napeleka."

"Mguu usiouliza humbeba mwizi!"

Akaenda mwenyewe kwa bintiye. Akamkuta anachakura mchwa, mzima kama kigongo.

Akarudi mbio hadi kwa jirani yake Kwale, ambaye mayai yake yalipotea mwezi uliopita. "Shoga, nawe uliletewa jani?"

Kwale akainama. "Niliambiwa nisiseme. Mayai yalipoliwa, nikaona haya. Wangenicheka."

"Haya!" Hasira zikampanda Kanga mpaka kichwa kikageuka buluu. "Ale yeye, uone haya wewe? Ulinyamaza, naye akasogea mlango wa pili. Mlango wangu!"

Kwale akalia. Kanga naye akalia, kwa ghadhabu. Kisha akamshika bawa, wakapanda juu ya kichuguu.

"Nguchiro mwongo! Nguchiro mwizi! Nguchiro mla mayai!"

"Hata mimi alinilia mayai!" akaitika Kororo.

"Hata mimi!" akaitika Chiriku.

"Hata mimi!" akaitika ndege mmoja wa majini, aliyekuwa ameapa hatasema maisha yake yote.

Wakamshukia Nguchiro kwa midomo, wakamdonoa mpaka akaingia shimoni mkia nyuma. Tangu siku hiyo kanga hamwoni nguchiro akanyamaza, na hasira zile hazijamwisha.

Ngano yangu imekoma hapo, mwongo nimemwacha shimoni. Jani linalokuharakisha na kukukataza kusema, lisome kwa sauti mbele za watu. Na wewe uliyeletewa lako juzi ukalificha kwenye upindo wa nguo, acha kutazama chini. Sema, tupige kelele.