Dumu Lililofukiwa Mchangani

Siku ile hakuna aliyemngojea mgeni. Lori la chumvi lilisimama Kashikishi, kwenye soko la samaki la Nchelenge, akashuka msichana mwembamba mwenye miwani, vumbi jekundu limempanda hadi viwikoni. Nyuma yake yakashushwa mapipa mawili ya kijani. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1997, jua likichoma kama pasi ya mkaa, na Ziwa Mweru limetulia tuli kama mafuta katika sahani.

Misheck, mwendesha boti mwenye ulimi mkali kama wembe, alisogea akanusa kifuniko cha pipa.

"Kujeni muone!" alipaza sauti. "Serikali inatuletea pombe!"

Watu walicheka, na mgeni naye akacheka. "Si ya kunywa, kaka. Ni petroli. Lakini hukukosea sana."

Jina lake lilikuwa Febby. Alizaliwa Kabwe, akasomea uhandisi Dar es Salaam, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kuwachekesha watu wa pale, ambao husema Kiswahili cha Kongo sokoni na Kibemba nyumbani. Aliwaeleza kwa utulivu kilichomleta. Zambia haina kisima cha mafuta. Kila tone hununuliwa nje kwa fedha ambazo zingejenga zahanati. Miwa na mihogo, hata hivyo, imejaa tele. Spiriti ya mimea hiyo, iitwayo ethanoli, ikichanganywa na petroli, sehemu moja kwa tisa, gari hutembea vilevile. Huenda siku moja mchanganyiko huo ukawa sera ya nchi nzima. Ofisi yake ilitaka kujua kama ungefaa pia kwa injini za boti.

"Nahitaji boti mbili kwa siku thelathini," alisema. "Injini zikienda bila kuzimika hata mara moja, Nchelenge itaingia katika orodha ya kwanza ya mahali ambapo mihogo itanunuliwa kutengenezea ethanoli."

Neno la mihogo lilimwingia Mulumba moyoni. Mulumba alitoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, na boti yake ilivusha wachuuzi wa samaki kati ya Kashikishi na kisiwa cha Chisenga. Dada yake mkubwa, Emilienne, aliyeishi naye hapo Kashikishi, alikuwa mjane mwenye shamba kubwa la mihogo isiyokuwa na mnunuzi. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yake aliigeuza kuwa lutuku, pombe kali inayopikwa kwa pipa na bomba, ambayo sheria inaikataza. Polisi wakipita, alifunika bomba kwa mkeka, akaukalia na kusingizia kuumwa tumbo. Kama mihogo ile ingenunuliwa mchana kweupe, dada yake angeacha kuishi roho juu.

"Mademoiselle," Mulumba alisema, "mashine yangu iko moja, na njo inalisha batoto yangu. Nitaitia petroli yako. Lakini batu ya biro ya serikali banakuja, banaandika, banaenda. Hatujue banaandika nini."

"Unataka nini, kaka?"

"Siku utamaliza barua yako, utaisoma hapa, mbele yetu, mbele ya kuituma. Hata kama iko mubaya."

"Nitaisoma hapa, neno kwa neno, kabla haijaondoka," Febby aliahidi.

"Sikiya Kiswahili ya Biblia!" Misheck alimtania. "Sawa, na miye niko ndani."

Febby aliwapa kila mmoja daftari la kuandika safari zake, akawaonya kwamba petroli ile isikutane na maji. Wote wawili waliitikia kwa kichwa, tena kwa moyo safi. Hata hivyo, ufuoni pale palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyefikiria kumweleza, kama vile hakuna amwelezaye mgeni kwamba yeye hupumua. Joto la Oktoba huvimbisha madumu ya petroli. Kwa hiyo waendesha boti huyafukia hadi shingoni katika mchanga mbichi, ili wimbi liyapoze. Vifuniko vyao vya zamani havibani sawasawa, na maji kidogo huingia. Nani anajali? Petroli huelea, maji huzama, na mwenye dumu huacha vidole viwili vya mwisho bila kuvitumia. Ndivyo walivyofanya miaka yote.

Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya kumi na nne. Asubuhi hiyo Mulumba alikuwa nusu ya njia kutoka Chisenga, boti imejaa vikapu vya samaki, injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza. Aliwasha, ikakataa. Alipiga kasia saa nne nzima, jua likimkaanga mgongo. Alipofika nyumbani alikaa na daftari magotini kwa muda mrefu. Akilini aliiona orodha ya kwanza, aliyaona malori yakipakia mihogo ya dada yake. Kisha akaandika: "Safari nzuri."

Emilienne alimwona. Dada huyo alikuwa amelifungua dumu la petroli alilorudi nalo Mulumba na kulinusa, na pua yake iliyopika lutuku miaka kumi ilimwambia mara moja kilichotokea. Lakini angesema amejuaje? Kusema kungekuwa kumwonyesha mtu wa serikali bomba lake. Akakifunga kinywa chake kama alivyolifunga dumu, na kesho yake Mulumba akatia petroli ya dumu jingine, injini ikawaka.

Siku ya kumi na tisa ikamfika Misheck. Injini yake ilizimika karibu na Chisenga, upepo ukamsukuma kwenye matete, na wachuuzi wake wakashinda humo hadi alasiri huku samaki wao wakiharibika. Alirudi amefura kwa hasira.

"Petroli yako imekufa!" alimwambia Febby mbele ya soko zima.

Febby alifungua daftari la Mulumba. Safari nzuri, safari nzuri, hadi mwisho. "Mbona ya Mulumba haikuzimika? Ni petroli ileile."

Ufuo mzima ukamgeukia Misheck. "Umeuza ya serikali, ukatia maji!" mmoja alidakia. "Mashine yake imelewa, mwacheni ilale!" mwingine akadhihaki, na kicheko kikavuma kama nyuki. Misheck alibeba injini yake begani akaondoka. Mulumba aliinama, akajifanya anapanga vikapu.

Kesho yake Febby alipoketi kuandika kwamba boti ya pili iliharibiwa na mwenyewe, mlango ulibishwa. Emilienne aliingia na chupa tupu ya kioo, lile dumu la Mulumba, na Mulumba mwenyewe amemshika mkono kama mtoto.

"Mutoto wangu, usiandike ile, Misheck hana kosa," alisema. "Angalia."

Alimimina petroli iliyobaki chini ya dumu hadi chupa ikajaa, akaiweka dirishani. Baada ya muda ukaonekana mstari: juu petroli safi, chini kitu kizito chenye ukungu.

"Ile ya chini ni maji?" Febby aliuliza.

"Maji na pombe yako, pamoja. Petroli na maji habasalimiane, ile kila mutu anajua. Lakini pombe ikiona maji, inaacha bwana yake na kufuata maji. Hata kikombe kimoja kinatosha. Halafu ile ya chini inapanda, inapita vidole mbili yenye munaacha, mashine inaikunywa, inakufa."

"Mama, umejuaje?"

"Ni juu ya kupika lutuku. Miaka kumi. Ukitaka kuita polisi, ita. Mukunga akifika kukuzalisha, hauwezi tena kufunga kitenge."

Mulumba naye akaeleza yote: injini iliyozimika, daftari la uongo, na madumu yaliyofukiwa mchangani. Alipomaliza, alitoka bila kuambiwa, akaenda hadi sokoni, akasimama mbele ya Misheck penye watu wengi.

"Miye njo nilidanganya," alisema. "Yangu ilikufa siku tano mbele ya yako. Unisamehe, ndugu."

"Siku tano unajua, na unaniacha nabeba maiti ya mashine peke yangu?" Misheck aliuliza. "Leo samaki ya kula utalipa weye." Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikumuuma mtu.

Tangu siku hiyo madumu yalitolewa mchangani, yakawekwa juu ya mbao kivulini, vifuniko vikabanwa kwa mpira wa tairi. Kila asubuhi, kabla ya boti kuondoka, chupa ya Emilienne ilijazwa na kutazamwa. Mstari haukuonekana tena. Kwa siku kumi zilizobaki injini zote mbili zilinguruma bila kukohoa.

Siku ya kuondoka, basi la Mansa lilikuwa limejaa na dereva anapiga honi. Febby alikuwa na barua mkononi. Angeweza kuitia mkobani, akapanda na kukalia kiti alichowekewa. Basi jingine lingekuja baada ya siku mbili, na mkubwa wake alikwisha kumwonya asichelewe. Tena, yaliyomo hayakuwa mepesi kuyasoma machoni pa watu waliomlisha mwezi mzima.

"Sista, unapanda ao unabaki?" dereva alifoka.

"Nenda, kaka," Febby alijibu. "Nina ahadi hapa."

Basi likatokomea katika vumbi. Febby aliwakusanya watu kando ya boti, akawasomea barua neno kwa neno. Alisoma kwamba injini mbili zilizimika ziwani. Alisoma kwamba yeye mwenyewe alitoa onyo bila kuuliza watu huhifadhi vipi petroli yao. Alisoma namna ya kutumia chupa ya kioo, kama alivyofundishwa na mpishi mmoja mzoefu wa ufuoni, akaomba chupa hiyo itumike kila penye ziwa na mto kabla mchanganyiko haujapelekwa. Mwisho alisoma kwamba kwa masharti yaliyowekwa, Nchelenge haiwezi kuingia katika orodha ya kwanza.

Mawimbi madogo yaligonga ubao wa boti.

"Basi mihogo yangu haitanunuliwa," Emilienne alisema.

"Si mwaka huu, mama."

Emilienne akamkabidhi ile chupa, imeoshwa na kukaushwa vizuri. "Beba. Utabaonyesha kule Lusaka kwa macho. Maneno ya kartasi batu banasahau."

Nyuma yao Misheck alikuwa tayari amejaza chupa nyingine, ameiinua juani, na waendesha boti watano waliokuwa hawajawahi kuigusa petroli ile walikuwa wamemzunguka, wakiulizia kilichobaki katika mapipa ya kijani. Daftari la "safari nzuri" halikuwa limemzalia mtu yeyote kitu, ila ugomvi na samaki waliooza. Ukweli uliosemwa kwa haya na hasara ndio uliozaa dawa. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.