Nungunungu na Maua ya Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, nanyi wa nyuma mnyamaze. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakibisha hodi kwa watu, palikuwa na mjane aitwaye Bi Siwatu. Alikuwa na mwana mmoja tu, Mbaruku, na Mbaruku alikuwa ameoa mke kutoka ng'ambo ya milima, jina lake Kidawa.

Kipupwe kilipoingia, mahindi yameshavunwa na majembe yamepumzika, Kidawa akatoa mfuko aliotoka nao kwao, akaanza kuchimba ubavuni mwa nyumba. Akatia kitu, akafukia. Akatia kitu, akafukia. Akatia kitu, akafukia.

"Unazika nini, mwanangu?" Bi Siwatu akauliza.

"Maua, mama. Mvua ikija utayaona."

Bi Siwatu akajiuliza moyoni: Maua gani hupandwa mvua ikiwa imeshaondoka?

Jioni ile Nungunungu akaja uani, miiba ikilia chwaka-chwaka.

"Bi Siwatu, mkaza mwana wako amezika nini?"

"Anasema maua."

"Maua! Chimba uone."

Hakuchimba. Lakini usiku ule alikinusa chakula cha Kidawa kabla ya kukila.

Upepo wa baridi ukavuma, Mbaruku akashikwa na kikohozi. Nungunungu akarudi, chwaka-chwaka.

"Mwanao anakohoa, Bi Siwatu. Kabla ya kuzikwa vile vitu, alikuwa akikohoa? Chimba uone."

Hakuchimba. Ila aliacha kabisa kula chakula cha Kidawa, akawa anajichomea muhogo wake peke yake. Kidawa akimsalimu, "Shikamoo mama," yeye huitikia akiitazama mikono ya mkaza mwana.

Kikohozi kikazidi. Nungunungu akaja mara ya tatu.

"Unangoja umzike mwanao? Kidawa ameshuka mtoni. Chimba uone!"

Bi Siwatu akashika jembe. Akafukua kitu cha duara, kina maganda ya kahawia na vinyweleo chini, kama kichwa cha mtoto mchanga.

"Ole wangu!" akapiga kelele. "Uchawi!"

"Utupe nje ya ua!" Nungunungu akasema, akazunguka mbio nyuma ya uzio.

Akatupa. Akafukua, akatupa. Akafukua, akatupa. Na kila alipotupa, nyuma ya uzio palisikika kacha, kacha, kacha.

Mkono ukasita. Akachungulia. Nungunungu amekaa kitako, mashavu yamemvimba, utomvu unamchuruzika kidevuni.

"Ongeza, Bi Siwatu," akasema mdomo umejaa. "Mbona umeacha? Haya matunguu ya ng'ambo ni matamu!"

Bi Siwatu akamrushia jembe. Nungunungu akatimua mbio, wala hakusema asante.

Shimoni yalibaki matunguu machache ya maua. Bi Siwatu akapiga magoti akayafukia upesi kwa mikono. Alipoinua uso, Kidawa alikuwa amesimama na mtungi kichwani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nang'oa magugu, mwanangu."

Magugu, na mvua imeshaondoka! Kidawa aliutazama udongo kwenye kucha za mkwewe, akaingia ndani.

Mbaruku akapona kikohozi, kama watu wanavyopona vikohozi. Lakini Bi Siwatu hakutulia. Kila jioni alikaa ubavuni mwa nyumba na rungu, akilinda udongo mtupu. Majirani wakanong'ona, "Yule mgeni amekwisha kumroga mkwewe." Akawasikia, akawaacha.

Mvua ikanyesha. Maua yakatoka mekundu kama makaa yaliyopulizwa. Lakini yalikuwa shina moja hapa, jingine kule, na kati yake udongo mtupu. Kidawa akachutama, akatafuta kwa vidole.

"Nilipanda mengi, mama."

Bi Siwatu angeweza kumsingizia fuko. Angeweza kuisingizia baridi.

"Mengi nilimlisha nungunungu kwa mkono wangu," akasema. "Nilidhani unamroga mwanangu."

Kidawa hakulia wala hakufoka. Akaligusa ua moja, akasema polepole, "Mama yangu mzazi alinipa siku niliyotoka nyumbani. Aliniambia, yakichanua, ujue na mimi nayatazama ya kwangu."

Bi Siwatu akasogea karibu. Akaketi chini kwenye tope, na kanga yake nzuri, kando ya mkaza mwana wake. Mvua ikaanza tena. Mbaruku akawaita mlangoni waingie ndani, akawaita tena, akawaita tena. Hakuna aliyeinuka.

Na mimi hadithi yangu nimeiacha hapo, wanalowa.